Usiitie Nta Pikapu ya Baba

Nagoya, Japani

Mdogo wangu Elia,

Amahoro ya hapo nyumbani? Goti la mama linaendeleaje? Uliniambia daktari wa Kabanga amemkataza kupanda mlima kwenda shambani. Namjua mama yetu, najua aliitikia "ego, daktari" kwa adabu zote, na kesho yake akaamka na jembe. Mwambie nimeuliza na ninataka jibu la kweli. Mimi ni mzima. Baridi imenipasua midomo, na ile theluji niliyokuwa naitamani kwenye picha sasa naifagia kila asubuhi mlangoni pa duka. Nimeshaichoka.

Nimeamua kukuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Barua nimeiweka juu ya mzigo ili uisome kabla hujashika bisibisi. Nilikuomba usilifungue gita la baba mpaka mzigo ufike, na namwomba Mungu uwe umenitii, ingawa nakujua. Yale niliyokuambia kuhusu nta nilikosea.

Lakini kwanza tumalize habari ya gari. Hivi Elia, ulimwambia nini mama? Mimi nilisema natuma pikapu mbili. Jumapili iliyofuata mama akasimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba Devota analeta pikapu mbili kutoka Japani! Masenge Yustina, dada pekee wa baba, amenipigia kuuliza kama moja inaweza kumbebea maharage kutoka Gwarama. Mwenyekiti wa kwaya ameshapanga safari ya Kibondo. Mama mwenyewe alinipigia akiwa na swali moja tu.

"Mwanangu, zina turubai?"

"Mama, pikapu hizi zinaingia kiganjani."

Akamwita Mungu wake: "Mana yanje! Basi ni za watoto kuchezea?"

Nilicheka hadi machozi, halafu nikamwonea huruma, maana ameaibika mbele za watu. Naomba umweleze taratibu na uwaeleze na wengine. Pikapu ya gita ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele. Inakaa chini ya nyuzi. Uzi ukitikisika, pikapu inausikia na kupeleka habari kwenye spika. Hata hivyo mama hana kosa. Japani tunayoijua sisi Kasulu ni ya magari. Hata baba alipobadilisha baiskeli yake kwa gita hilo, kwa yule mwanamuziki Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, alipofika nyumbani na mama kumpokea kwa maneno makali, alijitetea kwa neno moja tu: "Hili ni Japani." Kama vile amenunua injini.

Sasa swali lako. Uliniambia kwaya imetoa muda mpaka Pasaka. Gita linapiga mluzi katikati ya mahubiri, na lisipotengenezwa wataliuza wanunue jipya linalong'aa. Uliniuliza kama kweli lina thamani, au ni sisi tu tunalipenda kwa sababu ya marehemu baba. Ni swali la haki. Kazi yangu unaijua, duka letu linanunua vyombo vya muziki vilivyotumika, mimi navifungua, navisafisha na kuunga nyaya. Kwa hiyo saa za chakula nilikuwa naweka magita mezani, yote ya Kijapani: moja la zamani, ndugu kabisa wa la baba, jingine la umri wangu, na jingine jipya la juzijuzi.

La umri wangu ndilo lililonitia adabu. Mahali shingo inapokutana na mwili nilijaribu kupenyeza karatasi, haikuingia. Mwili ni mbao moja, na pikapu zake zimezungushwa kwa utulivu, hazina kelele, ukipiga noti inakaa mpaka wewe uchoke. Jipya limenyooka kila mahali kwa sababu limekatwa na mashine, nalo ni zuri, halina kosa, sina la kulisema. Yale ya zamani, Elia, tusidanganyane. Yalitengenezwa kwa haraka ili yapelekwe nje kwa wingi. Kwenye picha ulizonitumia nimeona ndani ya tundu la swichi: mwili wa gita la baba ni mbao za kubandika, tabaka juu ya tabaka kama chapati. Yeye alikuwa anaapa kwamba ni mti mmoja. Lakini shingo yake ni nzuri kweli. Miaka yote hiyo ya mvua na vumbi jekundu la Kasulu na haijapinda! Shingo ikiwa nzima, gita ni zima. Kwa hiyo jibu langu kwa kwaya ni kwamba lisiuzwe.

Mluzi unatoka kwenye pikapu. Mzee mwenye duka alinieleza kwamba waya wa pikapu za zamani haukushikwa kwa nta, umelegea, kwa hiyo unatikisika na kila sauti inayopita karibu. Dawa yake ni kuizamisha kwenye nta ya moto mpaka itulie. Ndipo nikakupigia kwa furaha: nenda Kibondo kwa mjomba Stefano, mizinga yake imejaa, akupe nta, yeyusha taratibu, zamisha. Wewe ukanijibu nta ya mjomba unayo tayari. Nilijiona fundi.

Siku mbili baadaye nilikuwa nalijaribu lile la zamani, spika imewashwa. Nikaligonga kwa kucha karibu na pikapu, likalia kama mlango unaogongwa. Mzee akasema, "Unasikia? Mbovu. Hata ukiongea nalo litakusikia."

Elia, hapo nikamkumbuka baba.

Wewe ulikuwa mdogo, sijui kama unakumbuka. Kanisa halikuwa na maikrofoni, kulikuwa na ile spika moja tu ya gita. Kabla ya wimbo wa kwanza baba aliinama, mdomo karibu uguse nyuzi, na kusema kwa nguvu, "Amahoro, bene Data!" Amani, wana wa Baba mmoja. Na sauti ikatoka kwenye spika, nzito, yenye mikwaruzo, na watu wote wakaitika. Tulidhani ni ufundi wake. Watoto wenzangu niliwaambia baba yangu anaweza kuongea kupitia gita, na nilipigana na mmoja aliyebisha. Kumbe ulikuwa ubovu wa pikapu! Na mimi, binti yake, nikakutuma uende ukaizibe masikio kwa nta ya mjomba.

Niliinama pale pale dukani nikasema, "Amahoro, bene Data." Ikatoka. Wateja wawili wakageuka. Mzee akaniuliza ni lugha gani, nikaenda stoo kulia.

Kwa hiyo fanya hivi. Gita la baba lina pikapu mbili. Pikapu iliyo karibu na daraja, kule mkono wa kulia unapopiga, ndiyo inayopiga mluzi zaidi, kwa hiyo itoe uweke mpya. Nimekutumia mbili, ya pili ni akiba, usimwazime mtu. Ile ya karibu na shingo usiiguse. Usiitie nta, usiikaze, hata vumbi lake lifute kwa pumzi tu. Swichi ikiwa chini itafanya kazi ile pikapu mpya, kwaya iimbe wanavyotaka na mhubiri ahubiri kwa amani. Swichi ikiwa juu ni ya baba. Na nta mrudishie mjomba, au mpe mama apakae nyufa za miguu.

Msalimie mjomba na nyuki wake. Masenge Yustina mwambie maharage tutayatafutia gari lingine. Mwenyekiti wa kwaya mpe pole ya safari ya Kibondo, na umwonyeshe pikapu mkononi ili aamini kwamba hatukuwadanganya.

Kama ile ya shingo tayari umeizamisha, usinifiche, niambie tu. Nitanyamaza siku moja na sitakulaumu, kwa sababu kosa ni langu.

Lakini kama hujaizamisha, siku ukimaliza kufunga, kabla kwaya haijafika, mkalishe mama mbele, washa spika, weka swichi juu. Uiname useme maneno yale. Haitakuwa sauti ya baba, mama atajua na wewe utajua. Lakini hapo ndipo ilipokuwa ikipita, na njia bado iko wazi. Mama akiitika, nipigie wakati huo huo, hata kama huku sijaamka. Bene Data, Elia, tumebaki mimi na wewe.

Dada yako asiye na gari,
Devota