Kumtetea Nungunungu

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipo, wewe, shemeji na watoto. Hamjambo nyote? Na huo mgongo wako je, umepoa au bado unakuamsha kabla ya jogoo? Ukande kwa maji ya moto, usijifanye mwanamume wa chuma.

Sisi huku tu wazima. Shemeji yako hajambo, magoti tu ndiyo yanayomnung'unikia. Mimi bado kijana. Nywele ndizo zilizozeeka, na hazikuniomba ruhusa. Juzi nilipanda ngazi za ghala mbili mbili mbele ya vijana wa zamu, wakanipigia makofi. Sikuwaambia kwamba nilipofika juu nilikaa dakika kumi nikijifanya nakagua bomba.

Barua yako ilifika Alhamisi ya wiki iliyopita. Nimeisoma mara nne. Kwamba unakuja mwezi wa nane, baada ya miaka kumi na moja! Shemeji yako ameshavua mapazia kuyafua, utadhani unaingia kesho. Lakini lile sharti lako la mwisho, kwamba utalala kwangu iwapo tu Msumari, uliyekuwa ukimwita ndugu, hatakanyaga mlango huu siku zote utakazokuwepo, limenikwama kooni kama mfupa. Ndiyo maana nimechelewa kujibu. Nitakujibu humu humu, ila kwanza nivumilie nikusimulie sinema.

Usicheke. Mimi niliyepika kwenye meli mbili na kuona bandari tisa (kumi, ukihesabu ile tuliyofukuzwa), Jumapili iliyopita nilikaa sakafuni na mjukuu wangu Kijino, yule wa kwenye picha mwenye pengo, nikatazama katuni mwanzo hadi mwisho. Na Msumari alikuwepo, kwenye kiti cha dirishani. Sikufichi, huja kila Jumapili.

Hadithi yenyewe ni hivi. Kuna bwawa, na chini ya bwawa kuna bonde la wanyama wadogo wadogo. Kindi na nungunungu ni walinzi wa lango la maji, na ni marafiki, chanda na pete. Kindi ana wimbo na macho makubwa. Nungunungu ana sauti nzito, na kila akitokea muziki unageuka, kwa hiyo watoto wameshaelekezwa wa kumchukia hata kabla hajakosa.

Kindi ana mchezo wake. Hulifungua lango kidogo ili ateleze juu ya maji. Nungunungu humkataza, naye hucheka. Siku moja maji yanambeba kindi mwenyewe, anaponea kwenye mzizi, anatoka amelowa chapachapa, na anacheka tena. Basi nungunungu anakwenda kwa wakubwa wa bwawa kusema. Kindi anafukuzwa, nungunungu anapewa funguo zote. Mwishoni kindi anarudi na jeshi la ndege, nungunungu anasukumwa nje ya bonde peke yake, na waliobaki wote wanacheza.

Kijino alisimama juu ya mto wa kochi anapiga kelele, "Msaliti! Msaliti huyo, mtoeni!"

Mdogo wangu, sijui kilichonipanda. Nilisimama mbele ya televisheni, na tumbo langu hili, nikaanza kumtetea nungunungu kama wakili aliyelipwa. Nikasema urafiki si kucheka kila rafiki anapocheka. Kucheka ni kazi nyepesi, mimi nimeifanya maisha yangu yote na sijawahi kuchoka. Mtu anayemwona mwenziwe anacheza na kifo akakubali kuchukiwa ili mwenziwe abaki na pumzi, huyo mnamwitaje msaliti? Yeye alikuwa mwaminifu kwa uhai wa kindi. Wale wengine walikuwa waaminifu kwa mchezo wake. Kosa lake ni moja tu, nikasema, kuzipokea zile funguo. Hapo hata mimi simtetei.

"Babu," Kijino akauliza, "kwani wewe uko upande wa wabaya?"

"Mwache babu yako," Msumari akamwambia. "Uzee umemwingia kwa mlango wa nyuma."

Lakini mtoto alikuwa anafikiri. Akasema, "Na umesahau kitu, babu. Nungunungu alimfuata kindi langoni, akamwambia, ni mimi niliyesema. Hakujificha. Hilo ndilo zuri lake, mbona hulisemi?"

Nikakaa. Mtoto wa miaka saba alinikamilishia utetezi wangu, na kwa kamba hiyo hiyo akaninyonga. Msumari alinitazama, kisha akaondoka kwenda jikoni kutafuta maji ambayo yalikuwa mezani mbele yake.

Sasa turudi kiwandani, tulikofanya kazi sote watatu. Najua hupendi, lakini turudi.

Unaikumbuka mashine ya kukandia, ile kubwa, ambayo mtu mzima huingia akachuchumaa ndani kukwangua unga uliokauka. Na unaikumbuka sheria, ambayo hata aliyeajiriwa asubuhi huijua kabla ya chai: ukiingia, zima swichi ya ukutani, itie kufuli lako mwenyewe, na ufunguo uwe mfukoni mwako. Mfukoni mwako, si kwingine. Hakuna wa kuiwasha mpaka utoke uifungue kwa mkono wako.

Wewe na Msumari mkabadilishana funguo. Ufunguo wa Msumari ukakaa kwako, wako ukakaa kwake. "Uhai wangu uko mfukoni mwa ndugu yangu," ulikuwa ukisema, ukiupigapiga mfuko, na wanawake wa kufungasha mikate wanakusifia. Kiwanda kizima kilidhani ndiyo picha ya urafiki. Hata mimi nililisimulia jambo hilo mitaani kwa majivuno, kana kwamba nililibuni mimi.

Halafu ile Ijumaa kengele ya chai ikalia. Msumari siku zote alikuwa wa kwanza kwenye chai, basi wewe ukajua ameshatoka. Ukafungua kufuli lake, ukawasha. Mkono wa mashine ulizunguka nusu tu kabla hujasikia ukelele. Alitoka mzima, na kiatu kimoja kisicho na kisigino.

Mlicheka, mdogo wangu. Mlikaa chini kwenye unga mkacheka mpaka mkalia. Mimi nilikiokota kile kiatu. Mkato ulikuwa umenyooka kama wa mkate. Nikawaomba mrudishiane funguo. Mkaniita mama mkwe. Jumamosi nikawaomba tena, na kila mmoja bado alikuwa na ufunguo wa mwenziwe.

Jumatatu meneja alikuita, akakufukuza kazi kwa sababu wewe ndiye uliyefungua kufuli la mtu aliye ndani. Msumari alipewa onyo akabaki. Ukapiga hesabu zako: aliyebaki ndiye aliyesema, ili ajiokoe. Ukamtemea mate miguuni pale getini, mbele ya zamu mbili, na wiki ile ile ukaondoka.

Si yeye. Ni mimi.

Nimeandika maneno hayo nikatoka nje kidogo, sasa nimerudi. Ni mimi niliyekwenda kwa meneja ile asubuhi ya Jumatatu, nimevaa shati la kanisani. Nilidhani atawagombeza na kuzirudisha funguo. Sikujua atakufukuza. Lakini nikuambie ukweli wote: hata kama ningejua, ningekwenda. Kwa kusema, sijutii. Ningesema tena leo. Kile kiatu kingekuwa na mguu ndani yake, wewe ungeishi vipi? Wewe huwezi hata kuchinja kuku.

Ninachojutia ni haya mawili.

La kwanza, Msumari alijua; aliniona nikitoka kwa meneja asubuhi ile. Alinijia jioni ile, nikajua amekuja kunipiga, nikavua saa kabisa. Akasema, "Kaka, usimwambie. Akijua ni wewe, anaondoka hana ndugu. Mimi ni rafiki tu, rafiki atapata mwingine." Nami nikakubali! Mimi mwenye mdomo usiofungika, mimi ninayesimulia bandari tisa bila kupumua, nikafunga mdomo kwa miaka kumi na moja, nikamwacha mtu abebe jina langu. Kila ulipomtukana katika barua zako, nilizisoma, nikazikunja, na Jumapili nikampakulia chakula mtu uliyemtukana. Hajaniuliza hata siku moja ulichoandika.

La pili, nafasi yako ya msimamizi wa zamu walinipa mimi. Nilikuandikia kwamba nilipanda cheo kwa akili zangu nyingi. Akili gani? Niliishia darasa la sita, na la tano nilirudia. Nilikaa kwenye kiti chako, nikavaa koti lako la kazi, mikono yake ikinipwaya.

Ulipata mtu aliyekupenda kiasi cha kukubali kuchukiwa nawe milele, ukamwita nyoka. Hukukosea wewe, niliyekupotosha ni mimi. Ninyi wawili mlifanya upumbavu wa funguo kwa sababu mlipendana, na yeye hakuacha kukupenda pale getini. Mimi pia nilikupenda nilipokwenda kwa meneja. Nilipokaa kimya ndipo nilipojipenda mwenyewe.

Basi jibu la sharti lako ni hili: siwezi. Msumari ataingia humu ndani kama anavyoingia siku zote, bila kubisha. Hajui kwamba naandika. Angejua angeninyang'anya kalamu, na wino angeumwaga.

Siku utakayofika, nitamwomba yeye ndiye akufungulie mlango. Mimi sitakuwemo. Nitakuwa ng'ambo ya barabara, kwenye benchi la fundi saa, nimeoga, nimenyoa. Mna mengi ya kuambiana, na chumba hakitatutosha watatu. Mkimaliza, kama mmoja wenu ataona inafaa, atoke barazani aniite. Sauti yoyote kati ya hizo mbili nitaisikia. Nisipoitwa, fundi saa ana mkeka, nami nimewahi kulala pabaya zaidi.

Msalimie sana shemeji yangu, mwambie ile sweta aliyonifumia bado naringia. Wasalimie watoto, na yule mkubwa mwambie baba yake hakukosa peke yake. Shemeji yako anakusalimu, dada yetu mkubwa anakusalimu, na Kijino anauliza kama kwenu nako kuna nungunungu.

Mungu akulinde njiani, akulainishie moyo kwa anayestahili, na akufikishe mzima.

Mimi kaka yako nikupendaye, na niliyechelewa kukwambia.