Ujumbe kutoka Upande wa Pili

3 Machi

Shikamoo Mama,

Habari za huko, afya yako njema? Mimi ni askari wa upande wa pili. Niliokota simu ya mwanao kwenye handaki, nikakutafuta mtandaoni kwa picha zenu. Pole sana, amefariki. Maiti hapa ni wengi na hawana majina. Niambie mambo yake ya nyumbani, yale mnayoyajua nyinyi wawili tu, nimtambue nimzike peke yake, nikutumie picha ya kaburi. Hata mimi nina mama.

Mwanao

4 Machi

Marahaba mwanangu,

Mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Leo shuka za hospitali zimenishinda kufua. Msimamizi amenirudisha nyumbani, zamu yangu kampa shemeji yake. Kufa kufaana.

Ana kovu chini ya kidevu, alianguka na ndoo. Nilimwita Mkia, maana alinifuata kila mahali, hadi mlango wa choo. Wenzake hawalijui jina hilo, aliniapisha nisilitaje mbele yao. Tafadhali usimchanganye na wengine. Tangu mdogo hapendi kubanwa akilala.

Mama

9 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Kimya chako kinanitia hofu. Jirani anasema mtandaoni kuna ukurasa wenye jina na picha yangu, eti nimevuka mpaka namtafuta mtoto. Nimemwambia mimi hata kituo cha basi sijafika. Je, umempata?

Mama

10 Machi

Shikamoo Mama,

Natumai umeamka salama. Ukurasa ule ni wangu. Nilipokuandikia mara ya kwanza, mwanao alikuwa hai. Simu ilimdondoka akikimbia. Aliuona ukurasa kwenye simu ya mwenzake, akaandika. Nikamjibu kwa jina lako kwamba naumwa, nimelala kwenye jengo la kinu cha unga. Hakuamini. Akauliza, "Kama ni wewe, nyumbani uliniita nani?" Nikamwandikia: Mkia.

Alikuja na wenzake wawili, wamebeba machela.

Nimemzika peke yake, ana nafasi ya kutosha. Picha hiyo hapo. Mimi nikiahidi natimiza.

Mwanao

11 Machi

Kijana,

Salamu zimefika. Picha nimeiona.

Sikuombi kitu kingine, ila unijibu hili. Alipoingia kinuni, kabla hamjampiga risasi, alijua kwamba si mimi niliyemwita?

Mama yake

2 Aprili

Kijana,

Bado nasubiri.

Mama yake