Msiba Uliosubiri Harusi

Kitongoji cha Igelango, kupita Kifanya
Jumamosi, 21 Juni 2025. Asubuhi baridi kali, umande umeganda juu ya majani ya viazi. Ukungu umeondoka saa nne.

Kwako rafiki yangu Lidia, Mama Jasmine,

Kamwene. Natumaini upepo wa Makambako haujawachosha, na kwamba Jasmine amepona kile kikohozi alichoondoka nacho. Nisalimie kaka yako na wifi yako, Mungu awazidishie kwa kuwapokea. Huku tu wazima wa mwili. Mama yangu analalamikia goti, kama kila Juni. Kuku wako nawalisha mimi. Yule wa madoadoa ameangua tisa, mwewe kachukua wawili. Simu yako nimeipiga mara nyingi haipatikani. Nadhani umebadilisha laini, na sikulaumu. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Uliondoka tarehe 2 bila kuaga mtu, kwa hiyo yaliyofuata hukuyaona. Nitakueleza kwa mpangilio na kwa tarehe, kama nilivyozoea. Naomba usome mpaka mwisho, hata pale utakapotaka kuichana.

Nianze mbali kidogo, kwa sababu leo nimelipitia daftari langu la 2016 na humo kuna jambo hukuambiwa, ukiwa bibi harusi. Ulijua kama sote kwamba Remmy, mtoto pekee wa Bibi Rebeka, alikufa Kongo akiwa utingo wa lori, na kwamba mama yake hakuambiwa. Hukujua siku. Dereva mmoja wa msafara wao alikuja kutoka Makambako Jumatano tarehe 15 Juni. Alisema lori liliwaka moto Jumapili iliyotangulia, na kilichobaki kilizikwa hukohuko. Harusi yako na Kefa ilikuwa Jumamosi. Ng'ombe alikuwa amekwisha kuchinjwa, ulanzi wa mianzi ulikuwa umejaa kwenye madumu, na Bibi Rebeka ndiye aliyekuwa mkuu wa jiko. Na unajua hapa kwetu, nyumba moja ikilia, ngoma hailii popote. Wazee walikaa nyuma ya nyumba ya Mzee Tarsis, wakakubaliana harusi ipite kwanza. Kefa hakuitwa kwenye kikao hicho.

Harusi ikapita. Wakasema avune viazi kwanza. Alipomaliza kuvuna akaugua kichomi, wakasema apone kwanza. Alipopona ilikuwa Desemba, naye akaja kwangu kuuliza kama Remmy hajatuma hata salamu za Krismasi. Wazee wakaniletea kalamu, kwa kuwa nimemaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka. Nikaandika barua ya kwanza, nikamsomea mwenyewe, eti imekuja na lori. Miaka tisa nimeandika, mbili kila mwaka. Alipoanza kuuliza kwa nini mwanawe haoi, Mzee Tarsis alisema basi tumwozeshe, kwani marehemu atakataa? Tukacheka, Lidia. Tukampa mke humo baruani, na mwaka uliofuata mtoto.

Sasa tarehe 31 Mei. Wewe ulikaa na watoto karibu na mlango wa kilabu cha pombe cha Cresensia, mimi nilikuwa mbele. Nakumbuka tulivyovaa kama tunakwenda kubariki ndoa, kwa sababu kijiji chetu kinatoka kwenye televisheni, kwenye ule mchezo wa watu wa Dar waliokaa kwetu Agosti iliyopita. Kefa alikuwa amezunguka na pikipiki kuwaleta wasioweza kutembea, na kwa Bibi Rebeka alikwenda mara mbili, kwani mara ya kwanza Bibi alikuwa hajapata kitambaa cha kichwa. Alimwambia njoo Bibi, uione nyumba yako kwenye kioo. Alimkalisha mbele kabisa, pembeni yangu.

Mwanzoni tulicheka mpaka tukashika mbavu. Walipoonyesha mume na mke wasiosemeshana mwaka wa kumi na sita, wanaotumana kupitia mbuzi, kila mtu aligeuka kumtazama Mzee Tarsis na Oktavia wake. Yule mwigizaji akasema, "Mbuzi, mwambie huyo baba chumvi imekwisha," na mbuzi akalia. Cresensia akamtania Mzee Tarsis kwamba mbuzi wa Dar anajibu vizuri kuliko wa kwake. Oktavia akasahau, akamwambia mumewe moja kwa moja kwamba yeye hana sauti mbaya vile. Kilabu kizima kikapiga makofi.

Kisha wakaonyesha bibi mmoja amekaa kwenye kigoda anasomewa barua. Bibi Rebeka alicheka naye pia, akaniambia huyo mwigizaji amekaa kama mtu mwenye bawasiri. Mwigizaji mwingine akaanza kusoma: mama, usibebe kuni peke yako. Bibi Rebeka akaacha kucheka. Akamalizia kwa sauti, kabla ya mwigizaji, "Mgongo wako naujua." Mwigizaji naye akasema hivyohivyo. Yalikuwa maneno ya barua ya Pasaka, 2019, naye aliyashika kwa moyo. Baada ya hapo wakaonyesha wasomaji wametoka nje, wanashikana mabega na kucheka kwamba marehemu anaandika vizuri kuliko walio hai. Wale vijana wa nyuma waliokuwa wamelewa walicheka, halafu wakanyamaza mmojammoja.

Bibi Rebeka aliuliza kama huyo marehemu ni mwanawe. Kisha akauliza alikufa lini. Mzee Tarsis, maana hakukuwa na mwingine wa kusema, akamtajia siku. Bibi alihesabu siku kwa vidole, kisha akasema, "Nilicheza harusi ya Kefa, mwanangu akiwa hajamaliza wiki kaburini." Ndipo akashuka kwenye kiti akakaa sakafuni. Kilio chake ulikisikia ukiwa pale mlangoni.

Watu wakauliza nani amewaambia watu wa televisheni. Kila kidole kikaenda kwa Kefa, kwa sababu ndiye aliyewabebea vyombo vyao Agosti yote na kuwaonyesha nyumba kwa nyumba, na ndiye aliyemleta Bibi. Hayo unayajua, hata wewe ulimwambia maneno siku ile. Usiyoyajua ni ya baada.

Tarehe 5 Bibi Rebeka alidai msiba. Alisema anataka wote kama unavyostahili, wa kulia, wa kulala chini, na kaburi. Mwili haupo, kwa hiyo wazee wakakubali zizikwe nguo. Aliniuliza ziko wapi sweta alizokuwa akimfumia mjukuu, ambazo nilimwambia zimekwenda na malori. Nikazitoa kabatini kwangu. Zilikuwa sita, kila moja kubwa kidogo kuliko iliyotangulia. Hakunisema. Alizikunja upya, moja ndani ya nyingine, na hizo ndizo tulizozika tarehe 7 pamoja na shati la Remmy la shule.

Kefa alikuja makaburini na koleo lake. Bibi Rebeka alisema udongo wa huyu sitaki. Alisema kwa upole, kama mtu anayekataa chai. Vijana wakampokonya Kefa koleo na kulitupa ng'ambo ya mfereji. Unajua maana yake. Mtu asiyepokelewa koleo makaburini, siku yake mwenyewe atachimbiwa na nani? Tangu hapo hasalimiwi. Mwingine, hatujui ni nani, aliingia shambani kwenu akakata miparachichi yote ya kule bondeni, ile mliyopandikiza pamoja.

Leo saa kumi jioni Kefa alikuja kwangu. Amekonda, Lidia, shingo imebaki kama ya mtoto. Alikaa kwenye benchi la nje, hakutaka kuingia asije akaniponza kwa majirani. Akaniambia kesho, baada ya mahubiri, atasimama mbele ya usharika na kutubu. Nikamuuliza atatubu nini. Akasema kuna usiku mmoja mwezi ule wa Agosti alikunywa ulanzi na wale watu wa televisheni hadi hakumbuki alivyofika nyumbani. Siku zote amekataa kwamba alisema, lakini wiki tatu amewaza, na kama kijiji kizima kinasema ni yeye, na mke wake aliyeishi naye miaka tisa anasema ni yeye, basi labda kweli ni yeye. Alisema akitubu huenda utarudi. Aliniomba nimwandikie maneno ya kusoma, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.

Nikamwandikia. Hilo nimelifanya leo, saa kumi na nusu, kwa mkono huu. Mistari sita. Akanishukuru, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni.

Lidia, si Kefa. Ni mimi.

Yule mwandishi wao, Ebeneza, alikuwa akija kwangu kula mchana. Siku moja aliona madaftari yangu kwenye rafu, akaomba aone moja. Alisoma kurasa mbili akiwa amesimama. Akaniambia mimi ni mwandishi, tena ameona wengi waliosoma vyuo vikuu wasioona ninavyoona. Nina miaka arobaini na mmoja na tangu nianze kuandika hakuna aliyewahi kuniambia nimeandika vizuri, ila Bibi Rebeka, naye alikuwa anamsifu Remmy. Nilimpa madaftari tisa, na nakala za barua zote za Remmy zimo humo. Alikaa nayo siku nne. Hakunipa kitu, wala sikudai. Aliniahidi jina langu litatokea mwishoni, pamoja na ya wengine.

Sikufikiri juu ya Bibi? Nilifikiri. Nilijiambia watabadilisha majina, na kwamba hana televisheni.

Na hili ndilo lililonifanya nishindwe kumwambia Kefa jioni hii. Bibi Rebeka alipokuwa sakafuni, na wewe ukikimbia kutoka mlangoni kuja kumwinua, hukunikuta nimemshika. Nilikuwa bado natazama kioo. Majina yalikuwa yanapita, yanakwenda haraka, na mimi nilikuwa nayasoma moja moja, nikitafuta langu, huku mkono wake umeshika ncha ya kitenge changu. Halikuwapo. Nilisikitika, Lidia, naandika kama ilivyokuwa. Kwanza nilisikitika. Kisha walipomgeukia Kefa nikafurahi kwamba halikuwapo.

Kwa hiyo kesho sitamngoja asome ile karatasi. Nitasimama kabla ya mahubiri, na nitamwambia Bibi Rebeka akiwa amekaa mahali pake, mstari wa tatu. Nimekuandikia wewe kwanza kwa sababu najijua. Nimenyamaza wiki tatu nikiimba kwaya kila Jumapili bila kukosea sauti. Barua hii itaondoka na gari la kwanza, saa kumi na mbili alfajiri, na dereva ameahidi kuifikisha mlangoni kwa kaka yako. Ikishaondoka, nikinyamaza kanisani utajua wewe, na ukijua wewe sina tena pa kujificha.

Sikuombi unisamehe, na urafiki wetu uamue wewe mwenyewe. Nakuomba kitu kimoja tu: mpigie Kefa. Laini yake ni ileile. Asisikie kwanza kutoka kwangu, asikie kutoka kwako kwamba unajua hakufanya.

Mbusu Jasmine kwa niaba ya mama yangu, ambaye bado hajui anaishi na nani. Mungu awalinde huko mliko.

Ni mimi,
Esnath

Jumapili, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mvua ndogo. Nimeisoma tena, sijafuta kitu. Usiku nilipata usingizi saa nane na dakika ishirini.