Sukari Niliyoizusha Singe

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, hata kama barua yako ilisahau shikamoo. Huku Singe wote wazima, ila magoti yangu tu ndiyo yanalalamika.

Umeuliza kaka yangu, babu yako mzaa mama, alikuwa mtu gani. Basi sikiliza! Mwaka ule sukari ilipokuwa haionekani dukani, mkewe akamzaa mama yako. Kaka akaacha jembe, akawa anampikia mzazi uji. Wanaume tukamcheka! Magugu nayo yakataka kuyamaliza mahindi.

Nikazusha kanisani kwamba atakayekwenda kumpalilia kaka atakunywa chai ya sukari. Kesho yake uwanja wa kaka ulijaa watu na majembe! Kaka akatoka na mwiko mkononi.

"Jamani, sukari hakuna. Mdogo wangu amewadanganya."

Nikawaza: wakiondoka, mjomba wako Paskali na mama yako watakula nini?

Mama mmoja mjane akaangua kicheko, akamwambia kaka: "Baba Paskali, kwani huyu mwongo tumemjua leo? Nilipofiwa, nani alinilimia kama si wewe?"

Akaingia shambani, na wote nyuma yake! Nami niliyejidai nimewaleta, nikatafuta jembe nikawafuata.

Msalimie mama yako.

Babu yako, siku hizi nasema kweli mara mojamoja.