Kadi Thelathini na Moja za Agneta

Kabuchai,
S.L.P. 2914,
Bungoma.

Jumatano, 10 Septemba 2025.

Mpendwa ndugu yangu Levi,

Avneet, yule mjukuu wa Mzee Jagdish anayetengeneza fremu za picha mjini Kitale, aliniambia juzi Jumatatu kwamba kati ya kadi za posta thelathini na moja za dada yetu Agneta amefaulu kubandua tisa ubaoni. Kati ya hizo tisa, ni nne tu ambazo maandishi yake yanasomeka. Ishirini na mbili zilizobaki hataki kuzigusa mpaka sisi tuseme. Nimeanza na habari hiyo kwa sababu ndiyo mpya, na kwa sababu ningeanza na salamu huenda usingefika mwisho.

Sasa salamu. Sisi huku hatujambo. Mama ana nguvu, presha imetulia, macho ndiyo hayo, haoni tena. Mahindi yamekauka shambani na tutavuna wiki ijayo mvua ikitupa nafasi. Je, wewe, Mary Ann na watoto mko salama? Baridi ya Winnipeg imeanza? Natumaini mgongo uliokuzuia kuja kumzika baba umepona. Nauliza kwa dhati. Nilikuuliza pia mwezi wa nane na hukunijibu.

Nakuandikia kwa karatasi kwa kuwa simu zangu saba hazikupokelewa, na ujumbe wako wa mwisho ulikuwa na maneno manne: "Ni kadi tu, sista." Karatasi hii utaishika. Nitaweka mambo kwa mpangilio wake, maana nimesikia jinsi unavyoyaeleza kwa jamaa walioko huko.

Jumanne tarehe 29 Julai uliandika kwenye kundi la kamati ya mazishi. Ninao ujumbe wenyewe: "Wekeni kadi za mzee kwa ubao, zile za rangi. Watu wanaofuata mtandaoni waone mzee alikuwa mtu wa dunia nzima." Watu tisa walikujibu kwa kidole gumba. Mmoja wao ni mimi.

Alhamisi yake Hesbon, mwana wa baba mkubwa na katibu wa kamati, alikuja kuomba ufunguo wa kabati la baba. Nilikuwa naharakisha kupeleka suti mochari. Nikampa. Hilo ni langu na silikatai.

Hesbon alinunua plaiwudi nzima, akapata kopo la gundi kwa fundi wa makabati pale Chwele, akabandika kadi arobaini, picha nje, maandishi ndani. Thelathini na moja zilikuwa za Agneta, zote alizowahi kutuma. Baba alizitenga kwenye mkebe wa biskuti juu ya rafu, hazina vumbi, rangi zake hazijafifia. Ulisema za rangi. Alichukua za rangi.

Nilipomuuliza baadaye hakuona kosa.

"Lakini si ni Levi alisema? Hizo zingine ni za kahawia kahawia, ati picha ya posta, picha ya daraja. Mimi nikachukua zenye bahari na milima."

"Nyuma hukuona maandishi?"

"Niliona. Si kila kadi iko na maandishi nyuma? Watu wanakuja matanga kuangalia picha, Nabwile. Hawakuji kusoma barua za watu, bana."

Siku ya mazishi, tarehe 2 Agosti, ubao ulisimama karibu na jeneza na watu wakajipiga picha mbele yake. Uliuweka kwenye Facebook ukaandika kwamba baba aliizunguka dunia bila kutoka Kitale. Watu mia nne na kumi na wawili walipenda. Nilihesabu.

Wewe ulikuwa bwenini miaka mingi, kwa hiyo huenda hukujua jinsi baba alivyofanya kazi ile. Alianza mwaka 1961, alipoajiriwa kuuza madaftari na kalamu dukani kwa Mzee Jagdish. Mzee alikuwa amechapisha kadi za Mlima Elgon na za soko la Kitale kwa ajili ya wapita njia. Baba alituma moja kwa mwalimu mmoja wa Ureno ambaye jina lake alilikuta kwenye jarida la wakusanyaji, na mwalimu akamrudishia ya daraja la Porto. Kutoka hapo hakuacha. Mzee Jagdish alikuwa akimtania mbele ya wateja: "Khaemba, wewe unauza kadi moja, unachukua mbili. Siku moja nitakuja hapa nikute duka limehamia Brazili." Baba alipokufa alikuwa na kadi 1,846 kutoka nchi sitini na moja.

Alikuwa na sheria mbili. Kadi isiyo na mhuri wa posta haikuingia kwenye hesabu, hata ikiwa nzuri namna gani, kwa sababu haijasafiri. Na katika makatoni ya viatu alizipanga maandishi yakiwa mbele. Alisema picha imechapwa kwa watu elfu kumi, lakini maandishi ni ya mtu mmoja kwenda kwa mtu mmoja. Sisi tuliokula mezani kwake tulizibandika kinyume.

Kuna jambo jingine alilopenda kulieleza, na sasa silipendi. Kadi za kwanza za posta, zile za Austria za mwaka 1869, hazikuwa na picha hata kidogo. Picha zilipoingia, posta za nchi nyingi zilikataza kuandika chochote upande wa anwani isipokuwa anwani yenyewe, kwa hiyo watu waliyabana maneno yao pembeni mwa picha. Uingereza ilikuja kuruhusu mwaka 1902 kwamba upande wa nyuma ugawanywe kwa mstari, anwani kulia, maneno kushoto, na nchi nyingine zikafuata. Baba alikuwa na kumi na nne za kabla ya mstari huo. Hesbon alibandika mbili kati yake. Zote mbili zinasomeka mpaka leo pale ubaoni: mtu mmoja anamsalimu shangazi yake, mwingine analalamika kuhusu chakula cha melini. Hatuwajui ni nani. Wao tunawasoma, na Agneta hatumsomi.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu Agneta alipoondoka, Septemba 1987, kwenda kusomea uuguzi Bergen, Norwe. Alikufa kwa homa ya mapafu tarehe 4 Aprili 1990 na wakamzika huko huko. Hatuna kaburi lake hapa. Hatuna kanda ya sauti yake. Tuna picha moja ya shule, na tulikuwa na kadi thelathini na moja.

Mama alipopofuka mwaka 2016, baba alianza kumsomea kadi moja kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Alimpa aishike kwanza, aipapase, kisha akaichukua akaisoma, tarehe, salamu na yote. Zikiisha alirudi namba moja. Mzunguko mmoja ulichukua miezi saba. Mama hakuwahi kuomba aruke hata moja.

Hajui kuhusu ubao. Siku ya mazishi alisikia watu wakisifu picha na akafurahi, akidhani ni zile za Ureno.

Jumapili ya pili baada ya mazishi aliniambia sasa kazi ni yangu, nianze namba moja. Nilichukua kadi ya Lisbon nikampa ashike, kisha nikaisoma kana kwamba ni ya Agneta, kwa kukumbuka nilichoweza: mvua isiyoisha, soko la samaki, kofia aliyofumiwa na mama mwenye nyumba. Nilipokosa maneno niliyatunga. Kwa miaka thelathini na mbili ya kuandika habari sijamwekea mtu yeyote maneno mdomoni. Dada yangu marehemu nimemwekea Jumapili nne mfululizo.

Jumapili iliyopita mama alishika kadi, akapitisha kidole ukingoni.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwa mkebe, mama."

"Namba tano ya Agneta iko na kona moja imekunjwa. Baba yenu alinionyesha kwa mkono."

Nikamwambia labda nimechanganya namba.

"Basi rudisha hiyo, uniletee yangu. Mimi ni kipofu, Nabwile. Mimi si mgeni hapa kwangu."

Sikuwa na namba tano ya kumletea. Nikasema nimeiacha Bungoma ofisini. Kesho yake asubuhi nilikwenda Kitale kumwona Avneet, ambaye ubao ulikuwa kwake tangu katikati ya mwezi wa nane.

Avneet amejaribu kila anachojua: mvuke, maji ya uvuguvugu, uzi mwembamba, kisu cha karatasi. Hakunipa maneno matamu, na namshukuru.

"Auntie, hii ni gundi ya makabati. Imeshika karatasi kuliko karatasi inavyojishika. Nikivuta, picha inakuja, maneno yanabaki kwa mbao."

"Kwa mbao hayasomeki?"

"Nilijaribu na kioo, maana yamekaa kinyume. Unapata 'mpendwa', unapata nusu ya 'baba', basi. Sasa mnisaidie. Niendelee mpoteze picha pia, ama niache?"

Nimemwambia aache. Uamuzi huo nimeufanya peke yangu, na kama unaupinga unajua namba yangu.

Nne zinazosomeka ni namba 3, 5, 19 na 28. Katika namba 5 Agneta anasema imenyesha siku kumi na tisa na watu wa huko hawakimbii mvua, wanatembea tu. Katika namba 28 amejaribu kupika ugali kwa unga wa ngano na umekataa kushikana, wenzake wameula kwa kijiko na kusema asante. Haya ni yake, neno kwa neno. Nimeyanakili mara mbili na kumpa Avneet ayapige picha. Jumapili hii mama ataletewa namba 5 halisi, na kona yake. Baada ya majuma manne sitakuwa na kitu cha kumsomea, na sitatunga tena.

Baba aliweka daftari la kadi zote. Humo nimekuta namba, tarehe ya kutumwa na tarehe ya kufika. Maneno hakuyanakili, kwani yalikuwepo. Ila kwa kila kadi ameandika ilitumwa kwa nani. Ishirini na tatu kwa baba na mama, saba kwangu. Namba 17, iliyofika Kitale tarehe 2 Februari 1989, ilitumwa kwako ulipofaulu kuingia kidato cha kwanza. Hiyo imo kati ya zile tisa, na mgongo wake ulibaki ubaoni.

Nimezikumbuka zangu kadiri nilivyoweza na kuziandika, na pale nisipokuwa na hakika nimeandika kwamba sina hakika. Fanya hivyo kwa yako. Ulikuwa kijana wa miaka kumi na mitano, na dada yako alikuandikia wewe peke yako kutoka ng'ambo. Hilo mtu hukumbuka. Kama hukumbuki, utamwambia mama hivyo pia.

Usitume kitu chochote. Usimlaumu Hesbon, nimeshamlaumu kiasi chake, na yeye alikuwa hapa, alichimba kaburi.

Anakusalimu Edah wa Ndalu, aliyejifungua salama mtoto wa kike. Anakusalimu Avneet na mama yake Mohini. Nisalimie Mary Ann, na Kevin umwambie shangazi amepata picha ya mahafali yake na ameifurahia. Mungu awalinde nyote, awape afya na usingizi mzuri.

Barua hii itakufikia ndani ya majuma matatu. Jumapili tarehe 5 Oktoba, saa tisa alasiri huku, itakuwa saa moja asubuhi kwenu. Nimemwambia mama kwamba saa hiyo utampigia. Sikumwambia ni kwa nini; habari ya ubao utamwambia wewe. Nitampa simu aishike mwenyewe, nami nitatoka nje.

Dada yako ambaye hajaacha kukupenda,

Nabwile