Mama Alipofua Sweta Kwenye Kidimbwi cha Bustani

Jumapili jioni. Baridi ya Julai, manyunyu tangu asubuhi, na bado nimekasirika.

Baada ya kanisa nilimpeleka Mama bustanini, ile bustani ndogo ya umma hapa mjini yenye kidimbwi na bata. Tangu nimtoe kijijini Kanyakine mwaka jana aje kukaa nami, anazidi kusahau. Anasahau kama amekula. Anasahau kwamba Baba alifariki, na kila akiuliza aliko, inabidi nimpe msiba upya. Lakini akiona maji anatulia, kwa hivyo huwa tunaenda.

Tulikaa kwenye benchi. Nikatoa simu niwapige bata picha. Niseme ukweli: sikuishia kwa bata. Nilianza kusoma jumbe, nikasahau niko na nani.

Kicheko ndicho kilichonishtua.

Mama alikuwa ndani ya kidimbwi, maji magotini, rinda amelikunja kiunoni. Alikuwa amevua sweta yake anaifua kwenye jiwe, anasugua, anakamua, vile alivyokuwa akifua mtoni tukiwa wadogo. Wasichana wawili walikuwa wanamrekodi kwa simu.

"Cheki shosho! Nyanya wa watu amekuja kufua kwa bata!" mmoja akasema.

Mlinzi naye akatoka kibandani akipuliza filimbi kama aliyeona mwizi. "We mama, toka hapo! Nani ameleta huyu mwendawazimu?"

Hapa ndipo pagumu kuandika. Nilitazama kando kama watu wengine. Kwa muda mfupi, nilijifanya simjui mama aliyenizaa.

Kisha akageuka akanitafuta kwa macho. "Kananu," akaita, "leta na zako nifue, kabla jua halijaenda."

Jua lenyewe halikuwepo. Lakini wiki nzima hakuwa amelikumbuka jina langu.

Nikavua viatu nikaingia na sketi yangu ya kanisani. Maji yaliuma kwa baridi. Nikamshika mkono, halafu nikamwambia yule msichana mwenye simu afute video.

"Aki aunty, ilikuwa tu jokes."

"Huyu ni mama yangu. Futa."

"Si nimefuta sasa?" Akanionyesha simu haraka haraka, wakaenda zao.

Mlinzi nilimpigia kelele hadi bata wakatawanyika. Nilimwambia neno hilo asilirudie kwa mzazi wa mtu, na kwamba badala ya kupuliza filimbi angemnyooshea mkono. Mwishowe alinisaidia kumpandisha Mama ukingoni. Sikumshukuru, na bado sitaki kumshukuru.

Yule msichana hakuwa amefuta; alikuwa ameiweka mtandaoni. Tulipofika nyumbani, mtu aliyemtambua Mama alikuwa ameshaituma video kwenye kundi letu la WhatsApp la familia. Mutwiri, kaka yangu anayefanya kazi Embu, akapiga simu. Hakuwa amepiga tangu Pasaka.

"Unawezaje kumwacha Mama atuaibishe hivyo?"

Hakuuliza kama amebadilishwa nguo. Hakuuliza kama anahisi baridi.

Nikamwambia, "Jumamosi namleta kwako, akae mwezi mmoja. Kama utamfungia ndani asionekane na watu, uniambie."

Akaanza hadithi za mikutano ya kazini. Nikakata simu. Na Jumamosi nitampeleka, hata kama itabidi tukae nje ya geti lake hadi atoke kwa hiyo mikutano.

Sasa Mama yuko jikoni anakunywa uji, miguu ndani ya beseni la maji moto. Ananiita dada. Ananiuliza kwa nini nimenuna.

Mlinzi nimemkaripia. Mutwiri nimemkaripia. Mimi je, niliyetazama kando, nani atanikaripia? Anayestahili ni Mama peke yake, na ameshasahau.