Ukutani Kuna Nini

Unionville, Ontario
9 Februari 2011

Mpendwa wifi yangu Mehrunissa,

Ya Ali Madad. Natumai barua hii itakukuta mzima na miguu imepungua kuvimba. Je, unailoweka kwenye maji ya chumvi kama nilivyokuomba, au bado unanibishia kwa mbali? Sisi hatujambo, ila baridi haina huruma. Naandika Kiswahili ili jirani yako Clementina akusomee vizuri. Mwambie asiruke mahali, hata akikuona unalia.

Achari yako ilifika salama na ikaisha siku ileile. Mlaji unamjua.

Huyo mlaji ndiye habari yangu. Mdogo wako Hasham macho yanamwisha. Daktari alisema tangu mwaka juzi kwamba ni presha ya macho, na nuru ikishapotea hairudi. Hasham alinikataza nisikuandikie. Jana ameniruhusu mwenyewe, na nitakueleza ilivyokuwa.

Ukaidi wake unaujua, umemlea wewe. Alikuwa hataki kushikwa mkono wala kuambiwa mbele kuna ngazi. Aliendesha gari mpaka akagonga sanduku la barua la jirani, akalilaumu sanduku. Kijana wetu Aleem alipomsihi aachie funguo, alijibiwa kwamba hajazaliwa wa kumpeleka Hasham kusali jamatkhana kama gunia. Kila alipotoka na gari nilibaki dirishani nikisali.

Ndipo akasema anataka kwenda kwenye mapango ya Ajanta, kule India, kabla macho hayajafunga. Unaikumbuka ile kalenda ya dukani kwa baba yenu Tanga, yenye picha ya huko, ya mwana wa mfalme aliyeshika ua? Mwaka wake ulipita, na mingine mingi ikapita, na hakuna aliyeitoa ukutani. Kumbe alikuwa nayo moyoni siku zote. Tulikwenda Desemba, mimi na yeye tu.

Wifi, sijui nikueleze vipi mahali pale. Mlima umepinda kama kiatu cha farasi, chini kuna mto, na ubavuni mwa mwamba milango imefuatana. Watawa wa Kibuda wa zamani sana waliuchonga mwamba wenyewe kwa patasi, wakatoa humo vyumba, nguzo, hata vitanda vya mawe, kisha wakazipaka kuta lipu na kuzichora. Ukiingia, kelele zote zinabaki nje, unabaki na ubaridi wa jiwe chini ya nyayo. Nilikuwa kama mtu anayeota huku macho yake wazi.

Nyayo, maana viatu unavua mlangoni. Hasham akamuuliza mlinzi rafu iko wapi, tena kwa kusisitiza, kama yuko jamatkhana. Mlinzi akacheka, akamwonyesha chini. Basi akavipanga upande wa kushoto, kama kawaida yake, ndipo akakubali kuingia.

Ndani taa ni hafifu, ili rangi zisichakae. Nilisubiri, na picha zikaanza kunijia moja moja kutoka gizani, mpaka nikamwona yule wa kalenda, na ua lake mkononi. Nikageuka kumwonyesha Hasham. Alikuwa anatazama nguzo. Penye kiza kama kile alikuwa haoni picha yoyote, na safari yote ile tumesafiri. Akasema kwa sauti ndogo, "Shamshad, ukutani kuna nini?"

Tangu tuoane hajawahi kuniuliza hivyo. Nikamshika mkono, na hakuutoa. Nikamweleza taji, macho yaliyoinama, na midomo ya mtu aliyetaka kusema jambo akaghairi. Tukaenda ukuta kwa ukuta, nikimhesabia tembo, mabata, wanawake wenye bangili walioegemea nguzo, na matunda yaliyochorwa darini. Watu walitupita, sisi hatukuwa na haraka.

Tukafika mahali ambapo picha imebanduka zamani, pakazibwa kwa lipu tupu. Akauliza tena. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba hakuna kitu. Nikamwambia naona duka lenye milango ya mbao, mzee anapima kitambaa kwa yadi, na binti mwenye mikia miwili ya nywele amekaa juu ya gunia, anakula ubuyu huku akimficha mdogo wake asiuone. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hapo pameharibika, pametiwa lipu. Weupe bado nauona. Lakini endelea."

Tuliporudi aliziweka funguo za gari kando ya sahani ya Aleem, akaendelea kula. Siku hizi asubuhi anakaa na chai yake, ananiuliza nje kuna nini.

Jana theluji ilikuwa imefunika kila kitu, miti, barabara, nyumba za watu. Nikafikiri kidogo, nikamwambia namwona Mehrunissa anakuja, amejitanda shali, amebeba achari. Hasham akapuliza chai yake. Akasema, "Mwambie avue viatu mlangoni. Kushoto ni kwangu." Baada ya hapo akaniambia nikuandikie.

Basi uje, wifi, theluji ikiyeyuka. Aleem atashughulikia tiketi. Mchana, penye mwanga, uso wa mtu aliye karibu Hasham bado anauona, ila daktari hatuahidi mpaka lini. Mimi ukuta naweza kumbunia. Uso wako siwezi.

Nisalimie shemeji Alimohamed na huyo Clementina anayekusomea. Aleem anakuamkia. Mowla akupe afya na akufungulie njia.

Ni mimi wifi yako akupendaye, ambaye siku hizi naona kwa ajili ya wawili,

Shamshad